Kibanda cha Mbwa Tulichokishusha Tambarare

Mbwa wetu hakuijua sura yangu. Sitii chumvi. Miaka minne aliishi kwenye kihamba chetu, shamba la ukoo, huko Kirua Vunjo, chini ya migomba, hatua kumi na tano tu kutoka dirisha la chumba ninacholala, na katika miaka hiyo yote sikuwahi kumgusa hata sikio. Kwetu milimani mbwa wa kulinda hafugwi ili apendwe. Kukipambazuka anaingizwa kibandani, komeo linatiwa, na anakaa gizani mpaka jua lizame ndipo anafunguliwa. Wazee wanasema mbwa akiwaona watu mchana atawazoea, na mbwa aliyezoea watu, mwizi akija atampokea mizigo.

Aliyemjua alikuwa baba peke yake. Baba ndiye aliyemletea chakula, ndiye aliyemfungulia, na ndiye aliyemleta akiwa mdogo wa kutosha kwenye kofia, kutoka shamba moja la kahawa lililokuwa la walowezi zamani. Kwa hiyo alikuwa chotara, mkubwa, mwenye manyoya marefu mazito kama blanketi. Sisi wengine tulimjua kwa sauti. Mimi nilimjua pia kwa pua, maana baba akiwa safarini nilimsukumia bakuli chini ya mlango, na pua nyeusi yenye unyevu ilikuja kunusa vidole vyangu kabla sijavitoa. Niliviondoa haraka.

Kibanda chenyewe baba alikijenga kwa mikono yake. Baba ni seremala, ingawa ukimuuliza atasema ni mkulima. Mbao alizipanga zikashikana kiasi kwamba hata mwanga haukupenya. Juu akaezeka bati, na mbele akaacha tundu moja la ukubwa wa kiganja. Pale kihambani kilikaa kwenye kivuli cha migomba na kahawa tangu asubuhi mpaka jioni. Hata miezi ya jua kali, mjini Moshi watu wanapotembea kwa kufuata vivuli vya kuta, ukiweka mkono ndani ya kibanda kile ulikuta ubaridi kama wa mtungi. Tulikuwa na haki ya kujivunia. Jirani mmoja alikuja na kamba kuchukua vipimo ili ajenge cha kwake.

Mwaka juzi, nilipomaliza kidato cha pili, baba alipata jaruba la mpunga la kukodi huko tambarare, upande wa Chekereni. Mpunga ulikuwa umeanza kubeba na ndege walikuwa wameusikia. Mama alibaki nyumbani na wadogo zangu na ng'ombe. Mimi nilichukuliwa kwa sababu nilikuwa likizo, na, nadhani, kwa sababu kuamia ndege ni kazi isiyohitaji maneno. Unakaa juu ya dungu, una debe na fimbo, wakitua unapiga. Kazi hiyo ilinifaa. Mimi ni mtu wa aibu. Mwalimu wangu wa Kiswahili aliandika kwenye ripoti kwamba naandika vizuri ila hajawahi kunisikia. Nikiambiwa nisimame nisome, sauti inashuka mpaka tumboni na inakaa huko huko.

Tulishuka kwa lori. Baba alikataa kumwacha mbwa, maana mpunga ukishavunwa bila ulinzi unakuwa wa kijiji kizima. Na alikataa kuacha kibanda, maana mbwa bila kibanda atazoea watu. Basi kibanda kikapandishwa juu ya lori na mbwa akiwa ndani. Abiria walipata cha kuchekea.

"Mzee, huyo ana nyumba ya bati na mimi bado natafuta mchumba!"

"Muulize kama ana chumba cha kupangisha."

Baba alitabasamu, akashika kamba ya kibanda mpaka tukafika. Alikiweka mahali pa wazi kabisa, mbele ya banda letu la nyasi, ili mwizi asipate upande wa kujificha. Nilimsaidia kukisawazisha kwa mawe. Wala haikunipitia akilini kutazama juu. Hapakuwa na jani hata moja kati ya bati lile na jua.

Siku tatu za mwanzo kulikuwa na mawingu, kwa hiyo mbwa alipona na sisi hatukujifunza kitu.

Jaruba lililopakana na letu lilikuwa la mama mmoja wa kutoka Singida. Mume wake alikuwa mkata miwa kwenye shamba la sukari, akirudi Jumamosi jioni na kuondoka Jumapili baada ya ibada, kwa hiyo mpunga ulikuwa wa mama yule, tangu kitalu mpaka gunia. Alikuwa mfupi, mwepesi, na alizungumza na kila kitu: jembe, chura, mfereji. Tena alikuwa na mbwa wawili, wembamba, wenye manyoya mafupi ya rangi ya udongo. Kutoka juu ya dungu langu niliwaona vizuri, na kwa kuwa sikuwa na wa kuzungumza naye, niliwatazama sana.

Kulikuwa na mti mmoja wa mgunga mwisho wa jaruba lake. Chini yake alikuwa amechimba mashimo mawili, si marefu, kama karai kubwa mbili. Alfajiri, kabla hajashika jembe, aliwapa mbwa chakula, kisha akachota maji mfereji na kuyamwaga kwenye mashimo yale, udongo ukanywa. Mchana ukikaribia mbwa waliingia kila mmoja kwenye lake, wakalaza matumbo kwenye ule ubichi, na hapo hapo walibaki mpaka jioni. Kando yao kulikuwa na chungu kilichofukiwa nusu, kina maji. Siku moja, jua lilipochungulia mawinguni, mbwa mdogo alitaka kumfuata kwenye tuta la barabara saa saba. Yule mama aliinama, akaweka kiganja kwenye changarawe, akakitoa kama aliyegusa sufuria, akamwambia, "Mimi nina kandambili. Wewe una nini? Rudi." Mbwa akarudi.

Baba aliwatazama pia. "Mbwa wavivu," alisema. "Mchana kutwa wanalala mbele za watu. Wale hawalindi hata kivuli chao."

Nilikubali kwa kichwa, kama kawaida yangu.

Siku ya nne mawingu yaliondoka. Ilikuwa pia siku ya zamu yetu ya maji. Lango la mfereji mkubwa lilikuwa mbali, na mwenye zamu asiposimama pale mwenyewe, maji huenda kwa mwenye macho makavu zaidi. Baba aliondoka kabla ya jua, jembe begani. Alimwingiza mbwa, akatia komeo, akaniambia, "Usimfungulie mpaka nirudi. Na usimzoee."

Saa tatu nilimsikia anakwaruza mbao. Nilidhani panya. Saa nne bati lilianza kulia, ta, ta, kama linavyolia likipanuka, na ndani yake nikasikia mhemo. Sijawahi kusikia mhemo wa namna ile. Ulikuwa kama msumeno wa baba kwenye ubao mkavu, haupumziki, unakwenda tu. Nilishuka kwenye dungu. Nilifika nusu ya njia, nikasimama, nikarudi.

Nataka kuandika ukweli hapa, kwa sababu nimewahi kuisimulia habari hii shuleni na nikaupunguza. Nilijua. Si kwamba sikuelewa. Saa nne ile nilijua kuwa mle ndani kuna kiumbe anateseka, na nilishuka kwenye dungu mara tatu na kurudi mara tatu. Mara ya kwanza nilijiambia baba amekataza. Mara ya pili nilijiambia nikimfungulia ataniuma, na hilo halikuwa uongo, hakunijua. Mara ya tatu nilifika mpaka mlangoni, nikaona kupitia lile tundu ulimi wake. Ulikuwa mrefu kupita kiasi na rangi yake ilikuwa ya zambarau. Nikarudi na kupiga ndege.

Saa sita msumeno ukanyamaza.

Sijui kama nimewahi kuogopa kelele kama nilivyoogopa ule ukimya. Nilishuka na debe langu mkononi bila kujua kwamba nimelishika. Nilimwona yule mama upande wa pili, ameinama anang'oa magugu, mgongo kwangu. Nilifungua mdomo nimwite. Sauti ikafanya vile inavyofanya darasani. Nilijaribu tena, ikatoka pumzi tu. Basi nikafanya kitu pekee nilichokuwa na ufundi nacho: nilisimama pembeni ya kibanda nikapiga debe. Nilipiga bila kuacha, pa pa pa pa, mpaka fimbo ikavunjika, nikaendelea kwa mkono.

Aliinuka, akakinga jua kwa kiganja. Baadaye aliniambia kilichomtoa ni kwamba debe lilikuwa linalia mahali pasipo na mpunga. Alikuja akiruka matuta, ameshika kichwani ungo wa kupepetea ili kujikinga jua.

"Kuna nini?"

Nilionyesha kwa kidole.

"Mbwa? Yumo? Mchana huu?" Alisogeza sikio kwenye mbao, akaligusa bati, akaondoa mkono. "Fungua."

"Baba amesema..."

"Baba yuko wapi?"

"Mferejini."

"Mbwa yuko mferejini?"

"Hapana."

"Basi fungua."

"Ataniuma."

"Mwenye nguvu za kuuma asingenyamaza, mwanangu. Fungua."

Nilivuta komeo. Lilikuwa la chuma na lilikuwa la moto. Hewa iliyotoka mle ilinipiga usoni kama unapofunua chungu. Mbwa hakutoka. Alikuwa amelala ubavu, mdomo wazi, ute mzito umemgandia kwenye mashavu, macho yanatazama bila kuona. Yule mama hakusema hata "masikini". Alimshika miguu ya mbele, akaniambia nishike ya nyuma. Hivyo ndivyo nilivyomgusa mbwa wetu kwa mara ya kwanza. Alikuwa wa moto kama mtoto mwenye malaria.

Tulimburuta mpaka chini ya mgunga. Mbwa wake wawili waliinuka wenyewe wakasogea pembeni, kama watu wanaompisha mgonjwa kitandani. Tukamlaza kwenye udongo mbichi. Mimi nilikimbia na ndoo, nikachota maji, nikamshika taya nimmiminie kooni. Nikapigwa kofi la mkononi.

"Utamzamisha kwenye nchi kavu! Hawezi kumeza huyo. Mwache mdomo. Mwagia tumbo. Tumbo, na makwapa, na hapa kwenye mapaja, kwenye ngozi. Na miguu. Mbwa hatoi jasho kama wewe, lake ni ulimi na nyayo."

Nilimwaga. Manyoya yake yalikuwa mazito hivi kwamba maji yaliteleza juu juu kama kwenye jani la mgomba. Yule mama akayapasua manyoya kwa vidole, sehemu kwa sehemu, mpaka maji yakagusa ngozi. Nilivua kanga yangu ya kiunoni, nikailowesha, nikamfunika nayo. Niliona nimefanya jambo la maana. Yule mama akaivua papo hapo.

"Unampika? Kwenu si mnafunika ndizi jikoni zisitoe mvuke? Basi huyu naye akifunikwa joto litatokea wapi?"

Kisha akachukua ungo wake akaanza kumpepea.

Sijui nieleze vipi nilichokiona. Nimewaona wanawake wengi wakipepeta. Lakini yeye alipepea kwa mikono miwili, mwendo mmoja, upepo ukija juu ya tumbo lililolowa na kuondoka na joto, na mdomo wake haukunyamaza. "Haya, mzee wa milimani. Umekuja na koti lako la baridi, nani alikuambia? Huku hatuvai makoti. Haya, vuta. Vuta tena. Hapo hapo. We binti, maji." Nilimwaga. "Haya, unaona, sikio limetikisika. Limetikisika au nadanganya? Maji." Nilikwenda mfereji na kurudi mara ngapi sijui. Ndege walitua kwenye mpunga wetu na kwenye mpunga wake, tuliwasikia wakila, na yeye hakugeuza hata shingo. Mpunga ule ulikuwa chakula cha watoto wake. Mimi nilikuwa na miaka kumi na sita na nilikuwa sijawahi kuona mtu anaamua jambo bila kuonekana kwamba anaamua.

Baada ya muda mrefu mhemo ulirudi. Ulikuwa wa taratibu kidogo. Ulimi ukaanza kurudia wekundu, kuanzia nyuma. Alitapika povu, yule mama akashangilia kama amefunga goli. Kisha mbwa akainua kichwa. Yule mama akaweka maji kwenye kiganja, si kwenye bakuli, akamwekea puani, mbwa akalamba. Yule mama akampa tena kiganja kimoja. "Kidogo kidogo. Akiyamaliza yote mara moja atayarudisha."

Halafu akaniambia, "Sasa mpe wewe. Mbwa ni wenu."

Niliweka kiganja. Mbwa alinitazama. Kwa mara ya kwanza niliyaona macho yake mwangani; yalikuwa ya rangi ya asali, nami miaka yote nilidhani ni meusi. Akanusa vidole, akavitambua, nina hakika alivitambua, akanywa.

Baba alirudi saa kumi, suruali imelowa mpaka magotini, amefurahi kwa sababu maji yalikuwa yameingia. Alikiona kibanda kikiwa wazi. Alitutazama chini ya mti.

"Nani kamfungulia?"

Yule mama alivuta pumzi ili ajibu. Nikasema, "Mimi, baba." Ilitoka ndogo lakini ilitoka.

Yule mama akaongeza, bila kumung'unya maneno, kwamba tungechelewa kidogo baba angekuwa anachimba kaburi sasa hivi. Baba alimshukuru kwa heshima. Alipiga goti, akampapasa mbwa, akamwangalia ufizi na macho. Usiku ule alimwekea uji wenye maziwa. Lakini tulipokuwa tunakula alisema, "Maji ya huku yamemdhuru. Au amekula chura. Kesho nitamwekea maji ya kunywa mengi zaidi humo ndani."

Humo ndani. Nilijua kwamba siku ya pili mle ndani mbwa hataimaliza, na nilijua kwamba kesho baba atakuwepo, hakutakuwa na kupiga debe. Nililala nikiipanga sentensi moja. Niliipanga kama mtu anayejiandaa kwa mtihani wa mdomo.

Asubuhi alipomshika mbwa ukosi kumwingiza, nilisimama mbele ya mlango. Nilitazama miguu yake, sikuweza kutazama juu.

"Baba, mle ndani mchana pana moto. Jana nimeona. Weka mkono wako mwenyewe."

Aliweka. Ilikuwa saa moja asubuhi, umande bado uko kwenye nyasi. "Pana baridi," alisema.

"Saa sita, baba. Uweke saa sita."

Alinitazama. Nadhani alikuwa anahesabu maneno niliyosema, maana kwa mwaka mzima nilikuwa sijamwambia mengi kiasi hicho. Kisha akamfunga mbwa kwa kamba kwenye kivuli cha banda la nyasi, akasema, "Saa sita."

Lazima nieleze kuhusu baba. Akitengeneza kiti haachi kitoke mikononi mwake kabla hajakikalia. Akitengeneza kitanda, analala yeye juu yake usiku mmoja, na mama hucheka kwamba ameolewa na mwanaume anayelala kwenye vitanda vya watu. Hawezi kusema kitu ni kizuri kwa kukitazama tu. Kwa hiyo saa sita ilipofika, alikuja, akavua kofia, akaingiza mkono kibandani. Akaingiza bega. Kisha akapiga magoti, akajikunja, akaingia mzima, miguu na yote. Nikasikia sauti yake mle ndani:

"Tia komeo."

"Baba!"

"Tia komeo, nimesema. Mbwa hakuachiwa mlango wazi."

Nikatia komeo. Nilimfungia baba yangu mzazi kwenye kibanda cha mbwa, chini ya jua la saa sita, na nikasimama pale mikono nyuma kama askari wa zamu. Mbwa alisimama kivulini, akageuza kichwa upande huu na upande huu.

Yule mama akatokea na kibakuli cha uji wa mgonjwa.

"Hujambo mwanangu. Mgonjwa ameamkaje?"

"Shikamoo. Anaendelea vizuri."

"Na baba yuko wapi? Nimemletea maneno ya mfereji."

Nilikiangalia kibanda. Akanifuata macho. Akakisogelea, akainama kwenye tundu.

"Hodi humo!"

"Karibu," baba akajibu toka ndani, kwa mazoea.

Yule mama alikaa chini. Alicheka mpaka uji ukamwagika, akaushika mguu wangu asianguke. "Anikaribishe! Mzee, hapana, sikaribii, mimi mtu wa tambarare, nalijua bati!" Nikacheka na mimi. Nilicheka kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Lakini ndani ya kibanda hakukuwa na kicheko. Kulikuwa na mhemo, wa mtu sasa, unakwenda haraka zaidi na zaidi, na sisi wawili tukaacha kucheka pamoja, wakati mmoja.

"Mfungulie," alisema kwa sauti ya chini.

Baba alitoka kwa kurudi nyuma. Shati lilikuwa limemshika mwilini kama ametoka mtoni, uso mweusi uliopiga wekundu, na alibaki amepiga magoti, mikono kwenye udongo, akivuta hewa. Nilimpa maji. Alikunywa, akajimwagia kichwani. Ndipo akaniuliza, bila kunitazama:

"Jana alikaa humo tangu saa ngapi?"

"Tangu ulipoondoka, baba. Mpaka saa sita."

Baba alifuta uso. Alimtazama mbwa pale kivulini. Sikuwahi kumwona baba akimwomba mtu radhi. Alikwenda tu akakaa chini kando yake, mchana kweupe, mbele za watu, akamwekea mkono shingoni.

Kisha aliinuka, akavaa kofia, halafu akaivua tena. Alimwendea yule mama. Yeye mtu mzima, mwenye kihamba cha babu zake, ambaye wenzake humjia kuuliza habari za kahawa na mbao. Na yule mama, mpangaji wa jaruba kama sisi, mdogo kwake kwa miaka isiyopungua kumi na tano.

"Mama," alisema, "nifundishe lile shimo."

Yule mama hakumcheka hapo. Angeweza, na mimi ningemsamehe. Aliweka kibakuli chini, akachukua jembe letu, akampa baba mkononi, akatangulia. Kwenye upande wetu hakukuwa na mti, kwa hiyo alizunguka banda la nyasi akitazama kivuli kama fundi cherehani anavyotazama kitambaa. Baba alianza kuchimba karibu na mlango.

"Si hapo, baba. Hapo ni kivuli cha sasa. Saa nane jua litamkuta," yule mama alimwambia.

Baba akasogea.

"Huku pia hapana, upepo umezibwa na ukuta. Mbwa anataka hewa ipite. Hapa. Usiende chini sana, si kisima. Na asile wakati wa jua, mpe alfajiri na jioni. Na hayo manyoya msimnyoe mpaka ngozi, jua litamchoma. Mchaneni, mtoe yale ya ndani yaliyoshikamana. Binti atamchana, wameshazoeana."

Nilimtazama baba niliposikia neno lile. Alikuwa ameinama na jembe. "Atamchana," alisema.

Akarudi kibandani na koleo lake. Aling'oa bati kwanza, misumari ikalia, halafu mbao moja moja, zile alizozipanga hata mwanga usipenye. Yule mama alimwuliza kama hataogopa wezi sasa, mbwa akiwa ameshaona watu. Baba alisema mbwa aliyekufa halindi, na akaendelea kung'oa.

Tulimwaga ndoo tatu kwenye shimo. Baba akamfungua mbwa kamba, akamwongoza. Mbwa alifika ukingoni, akanusa shimo letu zuri, akalizunguka, akaenda kujitupa juu ya lundo la udongo tuliouchimbua, ule uliotoka chini ukiwa bado mbichi, kule pembeni ambako jua la saa nane lingemkuta kabisa. Akanyoosha miguu yote minne, akafumba macho.

Baba alimtazama yule mama. Yule mama akamtazama baba. Baba akachukua mbao mbili za kibanda, akazichomeka kila upande wa lundo, akaniita nishike ncha ya gunia, tukaanza kumfungia kivuli pale pale alipolala.